Swali la Kumi na Nne

Nyaishozi, Jumatano, 24 Septemba 1997

Leo tumemaliza mafunzo. Tuko wadodosaji sita, na mkubwa wetu ni Daktari Kashaija, mtoto wa huku huku Karagwe aliyekwenda kusoma Dar es Salaam. Anatengeneza dodoso la kupima jinsi watoto wanavyotendewa majumbani. Lina maswali ishirini na mawili. Anasema kabla ya kulipeleka mkoa mzima lazima lijaribiwe kama mizani inavyojaribiwa. Kwa hiyo kila nyumba tutaifikia mara mbili, wiki mbili zikipita katikati, na kuuliza yale yale. Majibu yakifanana, dodoso ni zima. Yasipofanana, kuna neno bovu mahali.

Tulifanya mazoezi wawili wawili. Mimi nilikuwa na Mutalemwa, kijana aliyekuwa karani wa ushirika. Akaniuliza: Umewahi kumpiga mtoto wako? Umewahi kumtukana? Umewahi kumnyima chakula? Nikajibu hapana, hapana, hapana, mpaka mwisho. Nilifundisha darasa la tatu miaka tisa kabla sijaacha kazi ili kumuuguza marehemu mume wangu. Fimbo yangu ilikuwa na jina, watoto waliiita Daktari. Mutalemwa aliandika majibu yangu bila kuinua macho.

Sheria moja imerudiwa mpaka tukachoka: utakachoambiwa humwambii mtu. Si jirani, si mwenyekiti, si padri.

Ijumaa, 3 Oktoba

Siku tatu za kujaribu maneno, na Karagwe nzima hakuna mtu anayempiga mtoto! Nyumba kumi na tisa, hapana kumi na tisa. Daktari amekaa na makaratasi yake kama mtu aliyeharibikiwa na gari porini.

Aliyetufungua macho ni bibi Nyirabageni, jirani yangu, mzaliwa wa Rwanda aliyekuja huku zamani na watoto mgongoni. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kupiga ni kwa mwizi," alisema. "Kupiga ni kwa mlevi baa. Mtoto hapigwi. Mtoto anarudiwa, anachapwa, anafunzwa. Nyie mnauliza kama watu wametoka mbinguni."

Basi tumefuta "kupiga". Sasa tunataja kitendo chenyewe: kwa kiganja, kwa fimbo, kwa mpini, kwa waya, kwa mkanda. Amefungwa. Amenyimwa kula kutwa. Na la kumi na nne: kuna mtu mzima wa nyumba hii amewahi kukuunguza kwa moto, kwa maji ya moto au kwa chuma?

Jumapili, 5 Oktoba

Binti yangu Kokwijuka, mwenye miaka tisa, amenikuta nikisoma dodoso jipya mezani. Akasema, "Mama, niulize na mimi." Nikaona mchezo. Nikaanza. Akajibu kwa sauti ya darasani, mikono mapajani. Alisema ndiyo mara sita. Kwenye swali la mkanda alitaja siku: siku ile mtungi wa maji ulipovunjika. Akaongeza, "Mara nyingine ulisahau kwa nini unanichapa, ukaniuliza mimi."

Mkanda ni wa baba yake. Nimeuondoa msumarini nikautia kwenye sanduku. Sijui kuutia sandukuni ni nini. Haukuwa unajichapa wenyewe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Majibu yanatoka sasa, yanatoka kama usaha. Leo nyumba nne. Mmoja alifungwa kwenye mguu wa kitanda tangu asubuhi hadi ng'ombe wanarudi. Mmoja alipakwa pilipili machoni na shangazi. Mmoja alivunjwa jino na baba wa kambo kwa ajili ya mbuzi aliyeingia kwenye maharage, akanionyesha pengo kwa ulimi, bila huzuni, kama anavyoonyesha kitu cha kawaida.

Mutalemwa alitapika nyuma ya kibanda cha kahawa. Akasema ni matoke ya jana. Mvua imeanza.

Jumanne, 14 Oktoba

Nyumba ya Mzee Polikarpi, juu ya kilima upande wa pili wa mto. Ndiye mwenyekiti wa kigango chetu, anayesoma matangazo baada ya Misa. Migomba yake imefagiliwa chini kama sebule. Alitupokea kwa viti na juisi ya ndizi, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Karibu, mwalimu. Kazi yenu ni njema. Watoto wa siku hizi hawana wa kuwasemea."

Mutalemwa alimhoji yeye, mimi nikamhoji mkewe, Costansia. Huyu ni mke wa pili. Wa kwanza alifariki akaacha msichana, Anatolia, wa miaka kumi na mmoja. Costansia wazazi wake ni Wanyarwanda wa Nyabiyonza, hana mtoto wa kuzaa, na kanisani anajulikana kwa ulimi. Hakuniangalia. Alikuwa anamenya ndizi na kisu hakikusimama.

"Umewahi kumchapa mtoto kwa mpini?"

"Nimemchapa. Kwa mpini wa jembe. Mara mbili tangu Pasaka."

"Umewahi kumtukana?"

"Kila siku. Andika."

"Umewahi kumuunguza?"

Kisu kikasimama. "Mimi? Mimi sijamuunguza."

Nikaandika hapana, na moyoni nikaandika mwongo. Nilimchukia vile alivyosema ndiyo zake bila haya. Mutalemwa akaniambia baadaye kwamba mzee alijibu hapana maswali yote ishirini na mawili, taratibu, kila moja akilifikiri.

Anatolia nilimchukua migombani, mbali na nyumba. Ni mwembamba, shingo ndefu, anajibu kwa kichwa. Tulifika swali la tisa mvua ikatushukia kama mtu kamwaga debe, tukakimbilia jikoni. Ningeacha. Tuliambiwa ukikosa faragha uache. Lakini yalibaki kumi na matatu tu na njia ya kurudi ni mbaya. Nikaendelea kwa sauti ya chini.

"Kuna mtu mzima wa nyumba hii amewahi kukuunguza?"

Alivuta mkono wa sweta. Juu ya kiwiko palikuwa na makovu mawili marefu, mekundu, kama mtu ameweka alama za kuhesabia. "Ndiyo," alisema.

Nilipoinua kichwa, Mzee Polikarpi alikuwa mlangoni ameshika mwavuli. "Nimewaletea huu," alisema. "Msilowe."

Anatolia alijibu hapana maswali yote yaliyobaki.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Sikulala vizuri. Dodoso linauliza kama ameunguzwa, haliulizi na nani. Lakini kuna haja gani? Mama wa kambo, hana wake, anakiri mpini bila kupepesa.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimevunja sheria na sijutii. Baada ya Misa nilimsubiri Mzee Polikarpi nje. Nilimwambia, "Mzee, shikamoo. Naomba umwangalie sana Anatolia. Mtoto ana makovu ya moto. Amenieleza mwenyewe. Baba ndiye mlinzi wa nyumba."

Alisimama, kofia mkononi. Macho yake yalilowa. "Amekueleza," alisema. "Asante, mwalimu. Umenifanyia jambo kubwa. Nitalishughulikia leo leo."

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimempikia Kokwijuka chapati.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua siku ya nne mfululizo. Daraja dogo la mto limekwenda. Watu wanasema haijanyesha hivi tangu wazaliwe. Kahawa imeoza kwenye mikeka.

Jumanne, 28 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa. Niandike kwa mpangilio, kesho polisi wataniuliza.

Ilikuwa siku yetu ya kurudi kwa Polikarpi. Mimi na Mutalemwa tulikwenda kwa miguu, tukavuka mto kwa kushikana mikono, maji kiunoni. Tulifika saa nne asubuhi. Mzee alikuwa yule yule, viti, karibu mwalimu. Akamchukua Mutalemwa kumwonyesha miche ya kahawa huku wakihojiana. Nikaingia jikoni.

Anatolia alikaa karibu na mafiga, amejifunika kitenge mpaka kidevuni. Costansia alisimama mlangoni, kanipa mgongo, anaangalia nje. Nilimwambia, "Mama, utuache kidogo." Hakuondoka.

Nikauliza. Hapana. Hapana. Hapana. Alijibu kabla sijamaliza swali. La kumi na nne: "Kuna mtu mzima wa nyumba hii amewahi..." "Hapana." Wiki mbili kabla alinionyesha makovu kwa mkono wake mwenyewe. Nikashika kalamu bila kuandika, na ndipo harufu ikanifikia. Nilidhani ni panya amekufa chini ya kuni.

"Mwambie anyanyue kitenge," Costansia alisema, bado kageuka.

Anatolia akatikisa kichwa.

"Nyanyua, mwanangu. Ndiyo siku yenyewe."

Mikono yote miwili ilikuwa imezungushiwa vitambaa vya kanga, vimekauka na kugandamana. Costansia alikuja akakifungua cha kulia kwa maji ya uvuguvugu, polepole, mtoto akiuma bega la mama huyo ili asilie. Nilifundisha watoto mia nne, nimewaona wenye funza, wenye ukoma. Sijaona mkono kama ule. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi kama kuni iliyozimwa, na kati yao nyama ilikuwa inasogea.

"Nani?" nilisema.

"Baba yake. Jumapili ile aliporudi kanisani. Alimfunga mikono kwa majani makavu ya mgomba, akamwagia mafuta ya taa, akawasha. Akasema ni kwa kutoa siri za nyumba. Mimi alinifungia stoo. Nilisikia, sikuona. Alisema nikimpeleka hospitali atamalizia na kichwa." Kisha akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Nyie mlisema mnarudi baada ya wiki mbili. Nimekuwa nahesabu."

Nikasema, "Makovu ya kwanza..."

"Yeye. Panga lililopashwa moto. Wewe ulidhani nani?"

Polikarpi aliingia akiwa na mpini wa jembe. Hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonirudia: alikuwa mtulivu kama anaposoma matangazo. Alimpiga Costansia mdomoni kwanza. Nilisikia meno. Akanyanyua tena, na mimi nikaweka mkono, mfupa ukalia kama mti mkavu. Sikusikia maumivu wakati ule, niliona tu mkono wangu umepinda mahali pasipo na kiungo.

Mutalemwa aliingia mbio akamrukia kwa nyuma, wakaanguka juu ya mafiga, chungu cha maharage kikamwagika juu yao wote. Mzee ana nguvu za ng'ombe. Alimgeuza Mutalemwa akamkalia kifuani, akamkaba shingo kwa mpini. Macho ya Mutalemwa yalikuwa yanatoka. Nilimpiga mzee teke kichwani mara mbili, kama mtoto anavyopiga mpira, hakutikisika. Ni Costansia aliyenyanyua figa, jiwe lenye moto bado, kwa mikono mitupu, akamshushia gotini. Ukelele wa mzee ulisikika kijiji kizima. Costansia naye viganja vyake viliungua.

"Mbebe!" alimwambia Mutalemwa. "Mbebe mtoto twende!"

Tulishuka kilima katika matope, Mutalemwa anakohoa na mtoto mgongoni, Costansia anatema damu. Watu walitoka majumbani kuangalia. Mmoja aliuliza, "Waitu, jamani, kuna nini?" Hakuna aliyesogea. Mtoni maji yalikuwa yamepanda zaidi. Costansia alimweka Anatolia mabegani, akaingia wa kwanza. Barabarani tulipata gari la kahawa likatufikisha hospitali ya Nyakahanga. Muuguzi alipofungua vitambaa alitoka nje kidogo, kisha akarudi akafanya kazi yake.

Jumatano, 29 Oktoba

Vidole vitatu vya kulia vimekatwa, na nusu ya kimoja cha kushoto. Polikarpi amekamatwa nyumbani kwake. Wanasema alikuwa amefunga goti kwa kitambaa safi, amekaa kwenye kiti, akawakaribisha polisi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimekwenda kwa Anatolia wodini. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikamwambia ni mimi niliyemweleza baba yake, kwamba nilidhani ni mama yake wa kambo, kwamba nilikosea.

Alikuwa anaangalia dari. "Najua," alisema. "Alikuwa anasema wakati ananifunga: mwalimu amenieleza, mwalimu amenieleza. Nilidhani mmekubaliana."

Nilidhani mmekubaliana. Nimeandika mara mbili nisije nikajifanya sikusikia.

Jumatatu, 3 Novemba

Daktari Kashaija ameniita. Sijawahi kumwona amekasirika. "Nilikwambia usimwambie mtu," alisema, akipiga meza kwa kila neno. "Padri usimwambie. Wewe ukaenda kumwambia baba!"

Nilisema ndiyo.

"Na ulimhoji jikoni, mlango wazi."

Nilisema ndiyo.

Kisha akakaa, akavua miwani. Mbele yake palikuwa na madodoso mawili ya Anatolia, la kwanza na la pili, kandokando. "Unajua hesabu inasemaje hapa? Inasema swali la kumi na nne halifai. Mtoto mmoja, majibu mawili. Kwa utaratibu nilioandika mwenyewe, swali hili linafutwa." Alicheka kicheko kibaya. "Ningelifuta. Ningelipongeza dodoso la baba yake, hapana ishirini na mbili mara ya kwanza, na Mutalemwa anasema hata juzi kwenye miche alikuwa amefika la kumi na moja, hapana zote. Hakuna anayejibu sawasawa kama yule mzee."

"Swali liko sawa," nilisema. "Haliulizi nani. Wala halisemi mtoto akijibu ndiyo tufanye nini. Ulitufundisha kunyamaza tu. Ningenyamaza, makovu yangekuwa matatu, manne. Nilisema, nikamwambia yule yule aliyemuunguza. Hukutupa njia ya tatu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Akachukua kalamu akaandika pembeni: nani. Chini yake: mtoto aliye hatarini apelekwe wapi, siku ile ile, na nani. Akanisomea, nikarekebisha Kiswahili chake.

Kisha akanifukuza kazi. Sikubishana.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda Misa. Asubuhi Kokwijuka alitoka kuchota maji akarudi mbio hana sauti. Shamba langu lote la migomba limefyekwa. Zaidi ya mashina mia moja, yamelala yote upande mmoja, maji yake yanatiririka, mikungu michanga imekatwakatwa vipande. Kwenye mlango wamepaka kinyesi. Ndugu za Polikarpi, au watu wa kigango, au wote.

Kokwijuka aliuliza kama watarudi kutukata na sisi. Nilitaka kusema hapana. Nikasema sijui, na usiku atalala kwangu.

Bibi Nyirabageni alikuja na panga. Hakusema pole. Alianza kukata majani ya kulisha ng'ombe wake, akisema ni dhambi kuyaacha yaoze.

Jumatatu, 24 Novemba

Kisimani wanawake wanasogea nikifika. Mutalemwa bado sauti yake haijarudi vizuri.

Jumanne, 16 Desemba

Mahakamani Kayanga. Madodoso hayakuletwa. Daktari alikataa kuyatoa, na mimi nilikubaliana naye. Nilieleza nilichoona kwa macho yangu, basi. Ukumbi ulijaa watu wa kwetu.

Polikarpi hakukana. Alisimama wima. "Nilikuwa namrudi mwanangu," alisema. "Nyumba isiyo na siri si nyumba. Nilipimiwa hivyo na baba yangu." Akaonyesha mgongo wa mkono wake. Palikuwa na kovu la zamani, pana, limeng'aa. Nilimtazama nikaona mtoto wa miaka kumi na mmoja, na nikaona mtu aliyewasha mafuta ya taa, na hawa wawili sikuweza kuwatenganisha wala kuwasamehe kwa pamoja.

Alipopanda Costansia kizimbani, mdomo wake una pengo mbele, hakimu alimuuliza, "Na wewe humpigi huyu mtoto?"

"Nampiga," alisema.

Ukumbi ukacheka. Mtu alisema kwa Kinyambo, "Sikieni Mnyarwanda huyo."

"Nilimpiga kwa mpini, mara mbili. Nilisema hivyo mwezi wa kumi, nikasema na polisi, nasema hapa. Mkitaka kunifunga nifungeni. Lakini mimi sikumwasha moto, na siku zile tisa nilimlisha kwa kijiko na kumtoa funza kwa mwiba wa mchungwa. Hilo nalo andikeni."

Kicheko kilikatika. Hakimu aliandika. Mzee amepewa miaka minne.

Wakati wote ule nilikuwa nafikiri: katika nyumba mia mbili, mtu mmoja tu alijibu dodoso letu kweli tupu, na ndiye niliyemwita mwongo.

Jumamosi, 10 Januari 1998

Mvua imepungua. Costansia anarudi kwa wazazi wake Nyabiyonza, na Anatolia amechagua kwenda naye. Ndugu za baba walimtaka, lakini ofisi ya ustawi wa jamii ilimuuliza mtoto, peke yake, mara mbili, siku mbalimbali. Alijibu jina lile lile.

Niliwasindikiza mpaka barabarani kungoja gari. Anatolia alibeba kifurushi kwa kukikumbatia, vidole vilivyobaki bado havijazoea. Tangu wodini amezungumza nami kidogo. Leo alinisalimu, "Shikamoo mwalimu," nikaitika, na hatukupata zaidi ya hapo. Sikumlazimisha.

Gari lilipoonekana kwenye kona, Costansia alinivuta kando.

"Utakuja Nyabiyonza?"

"Ukinikaribisha."

"Uje mwezi ujao. Uje na lile karatasi lenu."

"Mimi si mdodosaji tena. Walinifukuza."

"Uje hivyo hivyo." Alitazama viganja vyake, ngozi mpya ya waridi mahali figa lilipomuunguza. "Nimejiambia sitamchapa tena. Kila mtu hujiambia. Mkono wangu naujua. Kwa hiyo usiniulize mimi, maana naweza kukudanganya nikiwa nimejidanganya kwanza. Mchukue pembeni, mbali, mimi nisiwepo, umuulize yeye. Akisema ndiyo, umchukue siku hiyo hiyo. Nitalia, nitakutukana. Umchukue."

Nilisema nitakuja.

Walipanda nyuma ya gari, kati ya magunia. Kokwijuka aliwapungia mkono mpaka likapotea.